Rhamu na Miji ya Kaskazini

Ukifungua ramani ya Kenya, msomaji, na kupeleka kidole chako mpaka pembe ya juu upande wa kulia, utafika mahali ambapo nchi tatu, Kenya, Ethiopia na Somalia, hukutana. Hapo pana mji wa Mandera. Kutoka Mandera fuata ukingo wa Mto Daua kuelekea magharibi, nao mto huo ndio mpaka wa Kenya na Ethiopia, na kabla ya kumaliza kilomita 100 utaufikia mji wa Rhamu. Si mji mkubwa. Hauna bandari wala reli, na umbali wake na Nairobi ni safari ya siku nzima na zaidi kwa gari. Kando ya mto watu hulima vitunguu, ndizi na tikiti maji. Ukiupa mto kisogo na kwenda mwendo mfupi tu, unaingia katika nchi kavu ya miiba na ngamia.

Yamkini utauliza kwa nini nimeuchagua mji huu mdogo, hali nataka kueleza jinsi watu wa asili mbalimbali wanavyoweza kukaa pamoja na kufunzana mambo yao. Waandishi wengi wakitaka kueleza habari hiyo huanza na Mombasa, Lamu au Unguja. Hawakosei, lakini mimi naona wanajirahisishia kazi. Katika bandari mgeni huja na mali mkononi. Mwenyeji humpenda kwa sababu ana faida naye. Mashariki ya kaskazini mgeni huja na ngamia wenye kiu. Anachotaka ni maji, nayo maji ni machache. Kwa hiyo miji ya huko hutupa mtihani mgumu kuliko miji ya pwani, na yafaa mtu asome habari za mtihani mgumu kama anataka kujua ukweli wa jambo.

Katika Rhamu na nchi inayouzunguka wanakaa Wagarre, Wadegodia, Wamurule na koo nyingine ndogo ndogo. Mtu wa mbali huwaita wote Wasomali na kumaliza maneno. Lakini sikiliza lugha zao. Wadegodia husema Kisomali. Wagarre wengi wa upande wa Kenya husema lugha iliyo karibu sana na Kiborana, yaani ni tawi la Kioromo. Na wako ndugu zao Wagarre, hasa katika Somalia, ambao husema lugha iliyo jamaa ya Kisomali. Tazama basi: watu wa jina moja, wenye kuhesabu mababu wale wale, wana lugha mbili, na hakuna anayeona ajabu. Wengi wao huzijua zote mbili tangu utoto, na huhama kutoka hii kwenda ile kama mtu anavyohamisha fimbo kutoka mkono wa kulia kwenda wa kushoto.

Tena lugha hizo zenyewe ni jamaa. Msomali humwita ngamia geel, Mworomo humwita gaala. Maji kwa Kisomali ni biyo, kwa Kioromo ni bishaan. Maziwa ni caano huku na aanan kule. Kichwa ni madax na mataa. Kisima ni ceel kwa Msomali na eela kwa Mworomo. Kusini ya Rhamu uko mji wa El Wak, na maana ya jina lake ni visima vya Mungu. Kwa kuwa Waaq lilikuwa ndilo jina la Mungu kwa watu wa lugha hizo mbili zamani, kabla Uislamu haujaenea kwao. Hata leo, ambapo karibu wenyeji wote wa huko ni Waislamu na watoto wao husoma Kurani katika duksi, jina la visima halikubadilishwa. Hapo ndipo penye ushahidi kwamba watu hao hawakuanza jana kunywa maji pamoja.

Sasa, je, walikaaje pamoja kabla ya kuwapo miji? Walikuwa na desturi mbili ambazo mwanafunzi wa historia hana budi kuzijua. Ya kwanza ni amri ya kisima. Kwa Waborana kila kisima kirefu kina mwenyewe, ambaye ukoo wake ndio uliokichimba. Lakini zamu ya kunywesha husimamiwa na mtu anayeitwa abba herega, baba wa zamu. Yeye hupanga nani atangulie na nani afuate siku kwa siku. Watu hushuka katika kisima wakasimama mmoja juu ya mwingine kama ngazi, wakapokezana ndoo huku wakiimba. Mtu mmoja, hata awe tajiri wa ngamia 1,000, hawezi kuinyanyua ndoo hiyo peke yake toka chini mpaka juu.

Desturi ya pili ni ile iitwayo shegat. Ukoo dhaifu, au ukoo uliohama kwa ukame au vita, ulikwenda kwa ukoo wenye nguvu na kuomba kutegemea ubavuni mwake. Ukikubaliwa, ulipata maji na malisho, ukajiita kwa jina la mwenyeji, ukashiriki katika kulipa dia na katika kupigana naye adui. Hivyo ndivyo Wadegodia wengi walivyopokewa na Waajuran katika nchi ya Wajir mwanzoni mwa karne ya 20. Ilikuwa njia nzuri ya kumpokea mgeni, nami siitii chumvi. Hata hivyo ilikuwa na kasoro yake. Mgeni alipokewa kwa sharti la kuuficha utu wake wa kwanza chini ya jina la mwenyeji, na sharti hilo halikuwa na mwisho unaojulikana. Wajukuu wa mgeni walipoongezeka wakawa wengi kuliko wajukuu wa mwenyeji, lilizuka swali ambalo desturi haikuwa na jibu lake: huyu bado ni mgeni? Damu nyingi imemwagika kaskazini kwa ajili ya swali hilo.

Serikali ya kikoloni ilipokuja haikuipenda hali hiyo ya watu kuchanganyika na kubadili majina. Maofisa walitaka kila kabila liwe na jina moja, chifu wake na eneo lake. Sheria ya mwaka 1902 ya wilaya za mbali ilizuia mtu wa nje kuingia katika nchi hizo bila ruhusa. Na sheria ya mwaka 1934 ya wilaya maalumu iliwapa maofisa nguvu za kulifunga kabila ndani ya mipaka yake ya malisho. Mstari ulichorwa kati ya malisho ya Wasomali na ya Waborana. Nia yao, kama walivyosema, ilikuwa kuzuia vita. Lakini mstari ukishachorwa, mtu hujifunza kusema, "Upande huu ni wangu," neno ambalo mfugaji wa zamani, aliyefuata mvua popote iliponyesha, hakuwa na haja nalo sana.

Katika hali hiyo ndipo ilipoanza miji. Mandera, Wajir na Garissa zilikuwa boma za serikali kwanza, na ndipo baadaye zikawa makao ya watu. Kandokando ya boma walikaa askari, makarani, wachuuzi Waarabu, na Wasomali wa koo za Isaaq na Herti waliokuja kwa biashara au baada ya kutumikia serikali. Kiswahili kiliingia huko katika vinywa vya askari, kwa sababu ndicho kilichotumiwa katika jeshi la King's African Rifles. Wewe unayesoma kitabu hiki labda ulikipata Kiswahili mapajani mwa mama yako, au uwanjani pamoja na watoto wenzako. Mtu wa Rhamu alikisikia kwanza kama sauti ya amri. Yafaa tukumbuke jambo hilo kabla ya kumlaumu mzee wa kaskazini kwa kutokipenda.

Miaka iliyofuata haikusaidia. Mwaka 1962 tume ilikwenda kuuliza watu wa wilaya za kaskazini wanataka kuwa upande gani, na wengi katika Wasomali wakataka kuungana na Somalia. Hawakupata. Vita vya mashifta vikaanza mwaka 1963 na kuisha kwa mapatano ya Arusha ya mwaka 1967, ambayo Rais Kaunda wa Zambia aliyasimamia. Lakini sheria za hatari zilizowekwa katika vita hivyo hazikufutwa mpaka mwaka 1991. Rhamu yenyewe iliingia katika habari za dunia mwezi wa Juni mwaka 1977, majeshi ya Somalia yalipopita hapo kwenda kupigana Ethiopia, wakauawa askari wa Kenya kama 30. Kwa muda mrefu, basi, mtu wa kaskazini alitazamwa na wenziwe wa kusini kwa jicho la shaka, naye akawatazama vivyo hivyo. Mpaka leo utasikia msafiri akitoka Mandera kwenda Nairobi akisema anakwenda Kenya.

Hata hivyo watu waliendelea kukaa pamoja, maana soko halingojei serikali zipatane. Nenda Garissa, kwenye ukingo wa Mto Tana. Huko kuna Wasomali, na Waorma, na Wamunyoyaya ambao ni wakulima wa mtoni wenye kusema Kioromo, na Wamalakote ambao lugha yao ni ya Kibantu, na wafanyabiashara kutoka bara. Mitaa ya miji ya kaskazini huitwa bulla. Garissa kuna Bulla Iftin, na maana ya iftin kwa Kisomali ni nuru. Lakini pia kuna Bulla Punda, na kuna Bulla Mzuri. Mwalimu wa sarufi atanung'unika kwa ngeli, lakini mimi nadhani jina la namna hiyo, nusu Kisomali na nusu Kiswahili, lina historia zaidi ya mikataba mingi iliyotiwa sahihi. Hakuna tume iliyokaa kulitunga.

Lakini bulla zina hatari yake. Kwa kawaida mtu hujenga karibu na jamaa yake, na hivyo mtaa mmoja huwa wa ukoo mmoja, na mtaa wa pili wa ukoo mwingine. Wakati wa amani hakuna ubaya. Wakati wa fitina kila mtaa hugeuka ngome. Ndipo inapoonekana kwamba mji unahitaji mahali ambapo si pa ukoo wowote. Na mfano mkubwa wa jambo hilo, msomaji, ulitolewa na wanawake wa Wajir.

Mwaka 1992 Wajir iliwaka moto. Waajuran, Wadegodia na Waogaden walikuwa wakipigana. Ukame ulikuwa umeua mifugo. Somalia ilikuwa imevunjika na silaha zilivuka mpaka kwa wingi. Vita vikaingia sokoni. Mwanamke wa ukoo huu hakununua tena maziwa kwa mwanamke wa ukoo ule, na wengine waliingiliana kwa mikono mbele ya vibanda vyao. Katika mwaka huo wanawake wachache, wenye elimu na kazi, walikutana harusini. Walitazamana, wakaona kwamba wanaweza kula wali mmoja katika arusi ya rafiki hali ndugu zao wanauana nje. Miongoni mwao alikuwamo Dekha Ibrahim Abdi, aliyezaliwa Wajir mwaka 1964.

Hawakuanza kwa kuhutubu. Walikwenda sokoni. Waliwakusanya wanawake wauzao na wanunuao, wakakubaliana kwamba soko liwe wazi kwa kila mwanamke, wa ukoo wowote, na wakachagua kamati ya kulilinda neno hilo. Mwanamke akizuiwa kuuza, kamati ilikwenda kusikiliza shauri na kuamua. Nataka uone akili iliyomo katika mpango huo. Hakuna aliyeambiwa ampende mwenziwe. Aliambiwa amwuzie nyanya. Mapenzi hayawezi kusimamiwa na kamati, lakini nyanya zaweza.

Soko lilipotulia, wanawake wale waliwaendea wazee. Hapo palikuwa na mlango mgumu, maana kwa desturi mambo ya vita na amani ni ya wanaume, na kila mzee wa ukoo mkubwa angeonekana anavutia upande wake. Wakawaomba wazee wa koo ndogo, ambazo hazikuwamo vitani, wawe wasuluhishi. Ule udogo, ambao siku zote ulikuwa kasoro, siku hiyo ukawa ndio sifa. Mwezi wa Septemba mwaka 1993 wazee walitoa tamko lililojulikana kwa jina la Al-Fatah, lenye masharti juu ya mauaji, wizi wa mifugo na fidia. Kisha vijana wakaingizwa, na mwaka 1995 kazi hiyo ikaunganishwa na serikali ya wilaya katika kamati moja ya amani na maendeleo. Wilaya nyingine za Kenya ziliiga mpango huo. Dekha alipewa Tuzo ya Right Livelihood mwaka 2007, na alifariki mwaka 2011 kwa ajali ya gari.

Sisemi kwamba Wajir haikuona vita tena. Iliona. Lakini mji huo ulikuwa umejifunza namna ya kukutana mapema, kabla moshi haujawa moto.

Rhamu haikubahatika hivyo. Katiba ya mwaka 2010 ilileta kaunti 47, na baada ya uchaguzi wa Machi 2013 fedha na vyeo vilivyokuwa Nairobi vikashuka mpaka Mandera. Ni jambo jema ambalo watu wa kaskazini walilingoja miaka mingi. Lakini kilichoshuka chini kiligombewa chini. Kati ya mwaka 2012 na 2014 Wagarre na Wadegodia walipigana katika Rhamu na vijiji vyake, kwa sababu ya viti vya kuchaguliwa, mipaka ya majimbo na malisho. Nyumba zilichomwa. Maelfu ya watu walihama. Watoto waliokuwa wakisoma dawati moja walijikuta katika kambi mbili. Mwaka 2014 wazee wa pande zote mbili walitia mkataba wa amani, na watu wakaanza kurudi.

Nimejiuliza mara nyingi tofauti ilikuwa nini. Haikuwa lugha, kwa kuwa tumeona wengi wao huzijua lugha zote mbili. Haikuwa dini, maana husali msikiti mmoja. Walioana kwa vizazi. Huenda basi tunakosea tunapodhani kwamba watu wakifahamiana tu mambo yatakwisha. Watu wa Rhamu walifahamiana sana. Walichokosa ni uhakika kwamba atakayeshindwa katika kura hatanyimwa kisima, shule wala kazi. Watunga sheria wa Kenya walilifikiria jambo hili: Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 inataka angalau asilimia 30 ya nafasi za kuanzia kazi katika kila kaunti zipewe watu wasio wa jamii iliyo kubwa hapo. Sheria hiyo inafanana na abba herega wa kisimani. Haimwulizi mtu kama anampenda jirani yake, inapanga zamu. Na kama zamani kisimani, kazi yote ni katika kuisimamia.

Mtihani mwingine ulikuja kutoka nje. Tarehe 22 Novemba mwaka 2014 wapiganaji wa Al-Shabaab walilisimamisha basi karibu na Mandera, wakawatenga abiria wasio Waislamu, wakawaua watu 28. Siku 10 baadaye waliwaua watu 36 katika machimbo ya mawe huko Koromey. Wengi wa waliokufa walikuwa watu wa bara waliokwenda kaskazini kwa kazi, na miongoni mwao walikuwamo walimu. Walimu wengi waliosalia wakakataa kurudi, na shule za kaunti nzima zikabaki na madarasa yasiyo na wa kuyafundisha. Hivyo ndivyo walivyotaka wauaji: kwamba mji uwe na watu wa namna moja tu.

Tarehe 21 Desemba mwaka 2015 basi jingine lilikuwa likitoka Nairobi kwenda Mandera. Karibu na El Wak, katika nchi ile ile ya visima vya Mungu, likashambuliwa. Abiria Waislamu walijua yatakayofuata. Wanawake wakawapa wenzao Wakristo mitandio wajifunike. Wapiganaji walipoamuru watu watengane, Waislamu walikataa. Walisema wauawe wote au waachwe wote. Wauaji wakaondoka. Watu wawili walikufa katika shambulio hilo, na mmoja wa waliojeruhiwa alikuwa Salah Farah, mwalimu mkuu msaidizi aliyekuwa akirudi kazini kwake Mandera. Alipigwa risasi kwa kukataa kutengwa na abiria wenzake. Aliugua karibu mwezi mmoja, na alifariki Nairobi tarehe 18 Januari mwaka 2016. Serikali ilimpa nishani baada ya kufa kwake.

Habari ya basi hilo ilitiwa katika filamu fupi mwaka 2017, iliyotengenezwa na wanafunzi kutoka Ujerumani pamoja na waigizaji wa Afrika Mashariki, nayo mwaka 2018 ikawa miongoni mwa zilizoteuliwa kushindania Tuzo ya Oscar huko Marekani. Watu waliomo ndani yake husema Kisomali na Kiswahili. Waliipa jina la Kiswahili, Watu Wote.